Vidole Vyenye Ganzi Baada ya Kuumia Shingo: Mwongozo Kamili kwa Mpanda Miamba

Makosa ni yale yale. Mtu anaanguka, shingo inakaza, vidole viwili vinakufa ganzi. Anavikanda vidole, anavipaka dawa ya kuchua, anaipinda shingo huku na huku mpaka ilie, na maumivu yakipoa tu anarudi ukutani. Haipiti muda ganzi imerudi, safari hii pamoja na udhaifu.

Kinachomponza ni kutumia maumivu kama kipimo chake. Mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni ukipona, kwa kawaida huanza kwa kuacha kuuma. Nguvu hufuata baadaye, na ganzi ndiyo hukawia kuliko vyote. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho mtu hana maumivu lakini mkono hauna nguvu, na hapo ndipo wengi hurudi kupanda. Hatua zilizo hapa chini zinafuata nguvu na mwelekeo wa ganzi.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Pamba kidogo na kijiti cha meno.
- Karatasi ya kawaida.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, pamoja na kitanzi cha kamba na kijibao chenye ukingo wa kushika kwa vidole.
- Taulo mbili, moja nyembamba.
- Mpira wa mazoezi wa kuvuta, ulio laini.
- Miwani ya prizimu ya mshika kamba (anayemshikia mpandaji kamba akiwa chini), inayokuonyesha juu bila kuinua kichwa. Hii itahitajika baadaye.
- Mwenzako mmoja asiyekuonea haya, wa kukuambia "leo hupandi".

## Hatua ya 1: Hakikisha hii si dharura

Usiruke hatua hii hata kama unajiona mzima.

Kama ajali imetokea sasa hivi na majeruhi analalamika shingo, au mikono na miguu inamchonyota, asisogezwe. Mwambie atulie, shikilia kichwa chake kilivyo, mwachie helmeti kichwani isipokuwa inamzuia kupumua, kisha ita msaada. Kumsimamisha "aone kama anaweza" ni hatari, maana pingili ya shingo iliyovunjika inaweza kuwa bado haijasogea.

Kama ulishaondoka eneo la tukio, nenda hospitali upigwe picha kabla ya zoezi lolote iwapo uliangukia kichwa, uliporomoka kutoka urefu unaozidi mita 1, una miaka 65 au zaidi, unaumia ukibonyeza mfupa wa katikati ya shingo, au huwezi kugeuza kichwa nyuzi 45 kila upande. Mchonyoto wa vidole ulioanza na ajali unatosha peke yake kuhitaji picha. Kwa maneno mengine, ukianguka na vidole vikafa ganzi, unakwenda kupimwa. Hapo hakuna mjadala.

Nenda haraka, saa yoyote, ukiona mojawapo ya haya:

- Ganzi iko mikono yote miwili, au imefika miguuni.
- Mikono imekuwa mizito: vifungo vya shati vinakushinda, vitu vinakuponyoka, mwandiko umeharibika.
- Miguu inakakamaa au unayumba ukitembea.
- Ukiinamisha kichwa unapigwa kama na umeme kushuka mgongoni.
- Mkojo hautoki, au unatoka bila hiari, au sehemu za siri zimekufa ganzi.
- Udhaifu wa mkono unaongezeka siku hadi siku.

Dalili hizi zinaashiria kwamba ugwe mgongo wenyewe, yaani shina la fahamu linalopita ndani ya pingili, unabanwa, na huo hausubiri. Kuna hatari nyingine inayosahaulika: mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ndani, na dalili zikatokea siku kadhaa baadaye. Maumivu mapya makali ya kichwa au shingo, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, uso kulegea upande mmoja au ulimi kuwa mzito ni dalili za mchaniko huo au za kiharusi. Usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali.

Umefaulu ukiwa umechunguzwa, pingili ziko salama, na umeambiwa unaweza kuanza kujongea.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya ganzi

Weka kiganja kwenye daftari, kizungushie kalamu pande zote mbili, mbele na nyuma. Chora pia mkono wote hadi begani. Funga macho, mwenzako akuguse kwa pamba na kisha kwa ncha ya kijiti, akilinganisha mkono huu na ule. Panapohisi kidogo papake rangi moja, panapochonyota rangi nyingine. Andika tarehe.

Kazi hii ina maana kwa sababu kila mzizi wa mshipa, yaani pale mshipa wa fahamu unapochomoza kwenye uti wa mgongo, una eneo lake. Shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za mizizi. Mzizi wa 6 hupeleka hisia kwenye kidole gumba na cha shahada. Wa 7, unaotokea kati ya pingili ya 6 na ya 7, hupeleka kidole cha kati, na ndio unaobanwa mara nyingi zaidi. Wa 8 hupeleka kidole cha pete na kidole kidogo. Mipaka si ya wembe, huingiliana kidogo, lakini ramani iliyochorwa vizuri humsaidia daktari kuliko sentensi ya "vidole vinakufa ganzi".

Ramani pia inakulinda usiitibu shingo wakati tatizo liko kwingine. Wapanda miamba hubanwa mishipa kiwikoni na kwenye kifundo cha mkono pia. Angalia hivi:

Kidole kidogo na cha pete. Kama ganzi inaishia kwenye kifundo, na kidole cha pete kimegawanyika nusu kwa nusu, shuku kiwiko. Kama inapanda upande wa ndani wa kigasha hadi karibu na kiwiko, shuku shingo.

Gumba, shahada na kati. Kama inakuamsha usiku, unakung'uta mkono na kupata nafuu, shuku kifundo cha mkono. Kama inakuja ukitazama juu au ukigeukia upande huo, shuku shingo.

Jaribio la mkono kichwani. Weka kiganja cha mkono unaoumwa juu ya utosi, ukae hivyo kidogo. Ukipata nafuu, dalili inaelekeza shingoni, kwa sababu mkao huo hulegeza mzizi uliovutwa.

Onyo: usimruhusu mtu akugandamize kichwa kushuka chini huku kimeinamishwa upande "kuona kama itachonyota". Kipimo hicho kipo, lakini ni cha mtaalamu, na ni baada ya picha.

## Hatua ya 3: Pima nguvu, kisha uandike

Ganzi inakera, lakini kinachokuangusha ukutani ni udhaifu. Pima mkono mzima kwanza, kisha unaoumwa:

- Kuinua kifundo huku mwenzako akikisukuma chini: mzizi wa 6.
- Kunyoosha kiwiko, yaani kusukuma ukuta kwa mkono mmoja ukiwa umesimama. Hesabu marudio: mzizi wa 7.
- Kukunja vidole kuushika mkono wa mwenzako naye akijaribu kuvifungua: mzizi wa 8.
- Karatasi kati ya vidole vilivyonyooka, mwenzako aivute: msuli mdogo wa kiganja, unaotegemea mzizi wa 8 na ule wa kwanza wa kifuani.

Mzizi wa 7 ndio unaowahadaa wapanda miamba. Kupanda ni kuvuta, na msuli wa nyuma ya mkono ni wa kusukuma. Mtu anaweza kuvuta vizuri mazoezini, akajitangaza amepona, kisha akafika mahali pa kujisukuma juu ya ukingo wa mwamba na mkono ukakunjika kama haukuwepo.

Mizani ya kuning'iniza iache kwanza. Kuvuta kwa nguvu zote wakati mshipa bado umevimba ni kuuchokoza.

Rudia ramani na vipimo hivi mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Kila siku ni nyingi mno, utaanza kuona vitu visivyokuwepo.

Umefaulu ukiwa na namba au alama kwa kila kipimo. Na ukikuta udhaifu ulio wazi, usiendelee peke yako, rudi kwa daktari.

## Hatua ya 4: Utulize mshipa

Lengo ni kuupa mzizi nafasi. Matundu inakopita mizizi hubana ukitazama juu, na hubana zaidi ukitazama juu huku umegeukia upande unaoumwa. Hufunguka kidogo ukiinamisha kichwa. Kwa hiyo, kwa wiki za mwanzo:

Lala chali au ubavu, kamwe si kifudifudi. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi yote kati ya sikio na bega, pua ikae sawa na katikati ya kifua. Mkono unaoumwa uweke juu ya mto wa pili. Mkono ukining'inia, unavuta mzizi usiku kucha.

Mchana, usiubebeshe mkono huo mkoba. Ukiketi, uegemeze kigasha. Ganzi ikipanda, rudi kwenye mkao wa mkono kichwani kwa dakika chache.

Usikae kitandani. Tembea. Kola ya shingo, kama umepewa, ni ya muda mfupi na kwa maelekezo ya aliyekupa, maana misuli ya shingo hulegea haraka.

Acha kabisa kunyoosha shingo kwa kuivuta upande wa pili. Najua inakaza na mkono unakusukuma uivute. Lakini mshipa uliochubuka haupendi kuvutwa, na ile nafuu ya dakika mbili hulipwa jioni. Vivyo hivyo kuivunja shingo ilie: mweleze mtu yeyote anayetaka kuigeuza ghafla kwamba una ganzi, na umkatalie.

Dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kusaidia, ila muulize kwanza daktari au mfamasia kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa ni ya kulala na kutembea. Ukiimeza ili upande, umezima kengele yako.

Alama ya kufuatilia ni moja: ganzi inahamia wapi? Ikitoka ncha za vidole ikarudi kwenye kiganja, kisha kigasha, kisha bega, unapona, hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kidogo. Ikishuka kuelekea vidoleni, chochote ulichofanya siku hiyo kilikuwa kingi. Kanuni hii inatawala hatua zote zinazofuata.

## Hatua ya 5: Rudisha mwendo na nguvu za shingo

Anza dalili zikitulia, ukiwa na ruhusa. Kikao kimoja na mtaalamu wa fiziotherapia cha kukusahihisha kinafaa kuliko wiki nzima ya kubahatisha.

Kutikisa "ndiyo". Lala chali, magoti yamekunjwa, taulo nyembamba chini ya kichwa. Tikisa kidevu kidogo kama anayekubali kimyakimya, bila kuinua kichwa. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Weka vidole mbele ya shingo: misuli ya juu ikikaza kama kamba, umetumia nguvu nyingi mno. Zoezi hili huamsha misuli ya ndani inayoshikilia pingili, ambayo hulala baada ya kuumia.

Kuvuta mpira. Funga mpira mbele yako, vuta viwiko nyuma, mabega yakiwa mbali na masikio. Wapanda miamba tuna kifua kilichokunjika na kombe za mabega zilizosogea mbele, na mkao huo hulazimisha shingo ipinde nyuma ili macho yaone.

Kuuteleza mshipa. Mkono pembeni, chini ya usawa wa bega, kichwa kimetulia. Kiwiko kinaponyooka, kunja kifundo kuelekea ndani; kiwiko kinapokunjika, inua kifundo. Upande mmoja unalegezwa wakati mwingine unavutwa, hivyo mshipa unateleza bila kukazwa. Mara 10, asubuhi na jioni, polepole. Ukisikia mchonyoto, punguza upana wa mwendo. Kuvumilia hapa si ushujaa.

Kusukumana na kiganja. Hii ni ya baadaye kidogo: kiganja kwenye paji la uso, kisha pembeni, kisha kisogoni. Sukuma kwa nguvu ndogo, kichwa kisisogee, sekunde 5 hadi 10.

Umefaulu shingo ikigeuka pande zote karibu sawa, na ukiweza kutazama dari kwa sekunde 30 bila kitu kushuka mkononi.

## Hatua ya 6: Linda vidole visivyohisi

Kidole chenye ganzi huungua na kuchanika bila kukuambia. Jaribu maji ya moto kwa mkono usio na ganzi. Kagua ngozi kila jioni.

Hatari ya pili ni ya ukutani. Kidole kisichohisi hakijui kimebana kiasi gani, kwa hiyo hubana kupita kiasi, na mishipi ya vidole (kanda zinazoshikilia kano kwenye mfupa) huchanika hivyo. Ndiyo maana ukirudi utashika kwa vidole vilivyo wazi, kwenye mishiko mikubwa, si kwa kuvikunja na kukaza gumba juu yake.

Ya tatu ni fundo. Wengi wetu hukagua fundo la nane, lile linalotufunga kwenye kamba, kwa kulipapasa huku tukiongea. Ukiwa na ganzi, lilaze kwenye kiganja, fuata nyuzi zote mbili kwa macho tangu zinapoingia mpaka zinapotoka, halafu mwenzako alivute. Karabina (pete ya chuma yenye mlango) vilevile: tazama mlango umefungwa na sikia mlio wake.

## Hatua ya 7: Kushika kamba

Watu hufikiri kumshikia mwenzao kamba ni mapumziko. Kwa shingo iliyoumia, ni kazi ngumu kuliko kupanda: unatazama juu muda mrefu, kichwa kimelala nyuma, mara nyingi kimegeukia upande ule ule. Ndilo banio la mizizi nililolieleza kwenye hatua ya 4. Kuna watu wasioanguka popote ambao vidole vyao hufa ganzi kwa kushika kamba tu.

Sharti la kwanza: mkono wa breki, ule unaoikaza kamba mpandaji akianguka, ukiwa dhaifu au hauhisi kamba, hushiki kamba ya mtu. Kifaa kinachojifunga chenyewe hakibadilishi sharti hili, kwa sababu nacho kinataka mkono kwenye breki.

Ukitimiza sharti, vaa miwani ya prizimu. Jizoeze nayo chini kwanza, maana inakuondolea picha ya miguu yako na unaweza kujikwaa. Geuza mwili mzima, usigeuze kichwa peke yake. Anza na mtu anayepanda kwa kamba iliyotangulia juu (iliyopitishwa mwisho wa njia kabla hajaanza), njia fupi, kisha pumzika. Kama mwenzako anakawia akitafuta mshiko, mwambie aketi kwenye kamba ili ushushe kichwa. Hatakasirika, na akikasirika atakuwa amekuonyesha sura yake mapema.

## Hatua ya 8: Kurudi ukutani

Sasa toa mizani. Ifunge kwenye kitanzi kilichokanyagwa na mguu, shika kijibao upande wa juu, vuta kwa vidole vinne taratibu mpaka mwisho wa nguvu bila maumivu. Linganisha mikono. Mkono unaoutumia zaidi kwa kawaida una nguvu kidogo kumzidi mwenzake, kwa hiyo usidai usawa kamili. Mimi nataka angalau asilimia 90 ya mkono mzima, pamoja na marudio yanayolingana ya kusukuma ukuta. Kama mabaka ya ganzi yamebaki kwenye ncha lakini yametulia na nguvu ipo, daktari akikubali, unaweza kuanza.

Panda kwa mpangilio huu:

1. Mwamba uliolala au uliosimama wima, kamba imetangulia juu na imekazwa, njia rahisi unazozijua. Isome njia ukiwa chini, mbali na ukuta, ili usitazame juu kila hatua.
2. Njia ndefu zaidi, kisha ngumu zaidi. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza viwili na ganzi ikarudi, hutajua cha kulaumu.
3. Ukuta uliobinuka kidogo. Hapa shingo inapinda nyuma kwa lazima.
4. Ubao wa kuning'inia, miguu ikiwa chini kwanza na mabega yakiwa yamekazwa. Kuning'inia mabega yakigusa masikio kunavuta ile ile mizizi.
5. Miamba mifupi isiyo na kamba, ukishuka kwa kupanda kurudi chini. Kuruka kwenye godoro kunatikisa shingo hata ukitua vizuri.
6. Kuongoza kamba, yaani kupanda ukiivuta kamba na kuichomeka ukutani ukiendelea, na mianguko midogo, ndiyo ya mwisho.

Baada ya kila siku ya kupanda, hukumu haitolewi jioni ile. Subiri asubuhi. Ganzi ikiwa mahali pake au imepungua, rudia au songa mbele. Ikiwa imeshuka vidoleni, rudi ngazi moja kwa wiki nzima.

Kama ulifanyiwa upasuaji wa shingo, ngazi hizi zinasubiri ratiba ya aliyekupasua.

## Ukikwama

Wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6, na kuendelea kupona kwa miezi kadhaa bila kupasuliwa. Nyuzi za mshipa zilizokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi ncha ya kidole ni mbali. Bahati nzuri, mara nyingi mshipa umebanwa tu na haujakatika, ndiyo maana wengi hupona haraka kuliko hesabu hiyo.

Kama wiki 6 zimepita na ramani haijabadilika, au nguvu imekwama, omba kuonwa na bingwa wa mishipa ya fahamu au wa uti wa mgongo. Picha ya MRI (ya sumaku) huonyesha diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, na matundu. Kipimo cha umeme wa misuli husaidia kutofautisha shingo, kiwiko na kifundo, ila kikifanywa kabla ya wiki 3 hivi tangu kuumia kinaweza kuonekana safi wakati mshipa umeumia.

Nenda na daftari lako. Watu wengi wasio na dalili yoyote wana diski zilizotokeza, kwa hiyo picha peke yake haimtoshi daktari. Anatafuta kama diski iliyotokeza iko upande na ngazi ile ile inayoonyeshwa na ramani yako, na kama udhaifu uliouandika wiki baada ya wiki unapanda au unashuka. Udhaifu unaozidi ndio humfanya azungumzie upasuaji mapema.